Pikseli ya skrini ya fuwele kioevu

Pikseli ya skrini ya fuwele kioevu ni sehemu ndogo kabisa ya picha kwenye skrini aina ya LCD inayoweza kung'arishwa, kufifishwa au kuzimwa peke yake. Skrini za aina hii hutumiwa katika televisheni, kompyuta, simu, saa, vikokotoo, dashibodi za magari na vifaa vya hospitali. Pikseli ya LCD haitoi mwanga wake yenyewe. Inafanya kazi kama dirisha dogo lenye pazia: mwanga hutoka kwenye taa iliyo nyuma ya skrini, na pikseli huamua ni kiasi gani kipite.

Sehemu kubwa ya mwanga huo hupotea njiani. Katika skrini ya rangi ya kawaida, kiasi kinachofika kwenye jicho la mtazamaji mara nyingi ni chini ya asilimia 10 ya mwanga uliotolewa na taa. Kwa hiyo historia ya kuboresha pikseli ni kwa kiasi kikubwa historia ya kutafuta namna ya kupitisha mwanga zaidi bila kuharibu weusi, rangi, kasi na pembe ya kutazama. Karibu kila badiliko lililoleta nafuu upande mmoja lilikuwa na gharama upande mwingine, na ndiyo maana hadi leo hakuna muundo mmoja wa pikseli unaofaa kwa kazi zote.

Muundo

Kuanzia nyuma kwenda mbele, pikseli ya rangi huwa na sehemu zifuatazo:

- taa ya nyuma, ambayo siku hizi kwa kawaida ni ya LED;
- polaraiza ya kwanza, yaani utando unaochuja mwanga kufuatana na upande wa mtikisiko wake;
- kioo cha nyuma chenye nyaya nyembamba, transista na elektrodi inayopitisha mwanga;
- tabaka la fuwele kioevu lenye unene wa maikromita chache tu;
- kichujio cha rangi pamoja na fremu nyeusi inayoficha nyaya na transista;
- kioo cha mbele;
- polaraiza ya pili.

Kila pikseli ya rangi hugawanywa katika pikseli ndogo tatu: nyekundu, kijani na buluu. Skrini yenye pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, yaani pikseli ndogo 6,220,800, na kila moja ina transista yake.

Elektrodi hutengenezwa kwa kawaida kwa oksidi ya indi na stani, kwa sababu mata hiyo hupitisha umeme na mwanga kwa pamoja.

Jinsi mwanga unavyopita

Mwanga wa taa hutikisika katika pande zote. Polaraiza ya kwanza huruhusu ule unaotikisika katika upande mmoja tu na kufyonza uliobaki. Polaraiza ya pili kwa kawaida huwekwa ikikingamana na ya kwanza kwa pembe ya digrii 90. Kama kati yao kungekuwa na hewa tu, karibu mwanga wote ungezuiwa na skrini ingeonekana nyeusi.

Fuwele kioevu ni hali ya mata iliyo kati ya mango na kioevu. Molekuli zake ni ndefu kama vijiti. Hutiririka kama zile za kioevu, lakini hujipanga zikielekea upande mmoja kama zile za fuwele. Mwanga uliochujwa na polaraiza unapopita kati yake, upande wa mtikisiko wake unaweza kubadilika, hivyo kuweza kupita kwenye polaraiza ya pili. Uga wa umeme nao huzigeuza molekuli. Volteji inapobadilishwa kidogo kidogo, kiasi cha mwanga unaopita hubadilika vilevile, na hivyo pikseli huweza kuonyesha viwango mbalimbali kati ya weusi na weupe.

Volteji hiyo haiachwi katika mwelekeo mmoja kwa muda mrefu. Kwa kawaida mwelekeo wake hugeuzwa kila picha mpya inapoandikwa, kwa sababu umeme wa mwelekeo mmoja hukusanya ioni kwenye elektrodi na kuharibu fuwele kioevu polepole.

Historia

Mwaka 1888 mtaalamu wa botania Friedrich Reinitzer, aliyefanya kazi mjini Praha, alichunguza kampaundi inayotokana na kolesteroli akagundua kwamba ilikuwa kama ina nyuzi mbili za kuyeyuka. Kwenye sentigredi 145.5 iligeuka kuwa kioevu chenye ukungu, na kwenye sentigredi 178.5 ukungu huo ulitoweka. Mwanafizikia Mjerumani Otto Lehmann aliendelea na uchunguzi kwa darubini na kutambua kwamba kioevu hicho chenye ukungu kilikuwa na tabia za fuwele.

Kwa miongo mingi jambo hilo lilibaki la maabara. Katika miaka ya 1960 kundi la George Heilmeier katika kampuni ya RCA nchini Marekani lilitengeneza skrini za kwanza za fuwele kioevu, zilizotangazwa mwaka 1968. Desemba 1970 Martin Schadt na Wolfgang Helfrich wa kampuni ya Hoffmann-La Roche mjini Basel, Uswisi, waliomba hataza ya muundo ambao molekuli zake zimesokotwa. Nchini Marekani James Fergason aliomba hataza ya muundo wa aina hiyohiyo mwaka 1971. Muda mfupi baadaye George Gray na wenzake katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, walitengeneza kampaundi zilizodumu katika hali ya fuwele kioevu kwenye joto la kawaida la chumba. Hapo saa na vikokotoo vya LCD viliwezekana kuuzwa kwa wingi.

Muundo uliosokotwa hujulikana kwa kifupi TN. Molekuli zilizo karibu na kioo cha nyuma huelekea upande mmoja, na zile za karibu na kioo cha mbele huelekea upande unaokingamana nao. Zilizo katikati hupangika kama vidato vya ngazi ya mzunguko. Mwanga hufuata msokoto huo na kupita. Volteji ikiwekwa, molekuli husimama wima kuelekea vioo, msokoto hupotea na pikseli huwa nyeusi. Muundo huu ni rahisi kutengeneza, hutumia umeme kidogo na hupitisha mwanga vizuri.

Transista katika kila pikseli

Kikokotoo chenye tarakimu chache huweza kuwa na waya kwa kila sehemu ya tarakimu. Skrini yenye mamilioni ya pikseli haiwezi. Badala yake nyaya hupangwa kwa mistari na safu, na kila pikseli huwa kwenye makutano ya waya wa mstari na waya wa safu. Katika skrini za mwanzo za namna hiyo, volteji iliyokusudiwa pikseli moja iligusa kidogo na jirani zake. Kadiri mistari ilivyoongezeka, tofauti kati ya pikseli iliyowashwa na iliyozimwa ilipungua, na picha ikafifia.

Suluhisho lilikuwa kuweka transista kama swichi katika kila pikseli. T. Peter Brody na wenzake katika kampuni ya Westinghouse nchini Marekani walionyesha skrini ya namna hii katika miaka ya 1970 kwa kutumia transista za selenidi ya kadmi. Mwaka 1979 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, walionyesha kwamba transista inaweza kutengenezwa kwa silikoni isiyo na mpangilio wa fuwele. Silikoni hiyo inaweza kutandazwa juu ya vioo vikubwa kwa gharama ndogo, nayo ikawa msingi wa viwanda vya LCD kwa miongo iliyofuata. Mwaka 2012 Heilmeier, Helfrich, Schadt na Brody walipewa kwa pamoja Tuzo ya Charles Stark Draper kwa uhandisi wa LCD.

Kazi ya transista ni ngumu kuliko inavyoonekana. Skrini yenye mistari 1080 inayoandikwa upya mara 60 kwa sekunde humpa kila mstari takriban mikrosekunde 15 tu. Katika muda huo transista hufunguka na kujaza chaji kwenye pikseli. Kisha hufunga, na chaji hiyo lazima ikae kwa takriban milisekunde 17 hadi zamu inayofuata. Ni sawa na mtu anayepewa sekunde moja kujaza ndoo, kisha ndoo hiyo isivuje kwa dakika 18. Skrini yenye mistari 2160 hupunguza muda wa kujaza hadi nusu.

Ili chaji isipotee, kila pikseli huwekewa kapasita ya akiba. Kapasita kubwa hutunza picha vizuri zaidi, lakini huchukua nafasi ambayo mwanga ungepitia na huhitaji muda mrefu zaidi wa kujazwa. Hapa ndipo mvutano mkuu wa usanifu wa pikseli unapoanza.

Uwiano wa upenyo

Uwiano wa upenyo ni sehemu ya eneo la pikseli ambayo kweli hupitisha mwanga. Eneo linalobaki hufunikwa na nyaya, transista, kapasita na fremu nyeusi. Fremu hiyo haiwezi kuondolewa tu, kwa sababu kandokando ya nyaya molekuli hugeuka ovyo na mwanga ungevuja.

Mfano wa hesabu unaonyesha uzito wa jambo hili. Kama taa imetoa sehemu 100 za mwanga, polaraiza ya kwanza inaweza kubakiza 45. Kichujio cha rangi hupitisha takriban theluthi moja, hivyo hubaki 15. Kama uwiano wa upenyo ni asilimia 60, hubaki 9, na tabaka nyingine hupunguza zaidi. Uwiano huo ukipandishwa hadi asilimia 75, mwanga unaotoka huongezeka kwa robo. Au mtengenezaji anaweza kubakiza mwangaza uleule na kupunguza umeme wa taa kwa sehemu moja kati ya tano. Katika simu au kompyuta ya mapajani, ambako taa ya skrini ni mojawapo ya walaji wakubwa wa betri, akiba hiyo huonekana moja kwa moja.

Tatizo hukua pikseli zinapokuwa ndogo. Kwenye skrini ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080, pikseli ndogo moja ina upana wa takriban maikromita 92. Kwenye simu yenye pikseli 326 kwa kila inchi, kama iPhone 4 ya mwaka 2010, upana huo ni takriban maikromita 26. Ukanda mweusi wa maikromita 6 huficha chini ya asilimia 7 ya upana katika skrini ya kwanza, lakini asilimia 23 katika ya pili.

Njia kadhaa zimetumika kupanua upenyo:

- Transista ndogo zaidi. Elektroni husafiri polepole katika silikoni isiyo na mpangilio, hivyo transista lazima iwe pana. Silikoni iliyoyeyushwa kwa leza na kuganda ikiwa na fuwele nyingi ndogo hupitisha elektroni kwa wepesi wa takriban mara 100, kwa hiyo swichi ndogo hutosha. Utengenezaji wake, hata hivyo, ni ghali na mgumu kwenye vioo vikubwa.
- Transista za oksidi. Kundi la Hideo Hosono katika Taasisi ya Teknolojia ya Tokyo lilieleza mwaka 2004 transista za oksidi ya indi, gali na zinki. Wepesi wake ni takriban mara 10 ya silikoni isiyo na mpangilio, na huvujisha chaji kidogo sana. Picha isiyosogea inaweza kuandikwa upya mara chache kwa sekunde, jambo linalookoa umeme.
- Kutandaza tabaka nene la kuhami juu ya nyaya. Elektrodi ya pikseli huweza kupanuliwa hadi juu ya nyaya bila volteji zao kuingiliana sana.
- Kuweka vichujio vya rangi kwenye kioo kilekile chenye transista. Vioo viwili havilingani kikamilifu vinapounganishwa, na fremu nyeusi hulazimika kuwa pana ili kufidia kosa hilo. Kila kitu kikiwa kwenye kioo kimoja, fremu inaweza kupunguzwa.

Pembe ya kutazama

Muundo wa TN una udhaifu unaojulikana na mtu yeyote aliyewahi kuangalia skrini ya kompyuta ya zamani akiwa amesimama pembeni. Katika viwango vya kijivu, molekuli huwa zimeinama nusu kuelekea upande mmoja. Mtazamaji wa mbele huona kiwango sahihi, lakini aliye juu au chini huona molekuli kwa pembe nyingine. Rangi hubadilika, na wakati mwingine sehemu nyeusi huonekana nyeupe. Kwa daktari anayesoma picha ya eksirei, au mchapaji anayelinganisha rangi, hilo si suala la starehe, kwani kivuli kidogo kwenye picha kinaweza kupotea kwa sababu tu ya mahali alipokaa.

Jibu moja lilikuwa kugeuza molekuli kwa ulalo badala ya kuzisimamisha. Katika muundo wa IPS elektrodi zote mbili huwekwa kwenye kioo kimoja kama meno ya vitana viwili vilivyoingiliana. Uga wa umeme huwa sambamba na kioo, na molekuli huzunguka zikiwa zimelala. Günter Baur na wenzake nchini Ujerumani waliomba hataza za muundo huu karibu na mwaka 1990, na kampuni ya Hitachi ya Japani iliufikisha sokoni katikati ya muongo huo. Pembe ya kutazama iliboreka sana. Gharama yake ilikuwa mwanga: molekuli zilizo juu kabisa ya elektrodi hazigeuki vizuri, hivyo sehemu hizo hubaki na giza. Elektrodi zenyewe baadaye zilikunjwa kama herufi V ili nusu ya molekuli zizunguke kulia na nusu kushoto, na mabadiliko madogo ya rangi yafutane.

Mwaka 1998 watafiti wa kampuni ya Hyundai nchini Korea Kusini walieleza muundo wa FFS. Hapa elektrodi moja hutandazwa kama bamba linalopitisha mwanga, na nyingine yenye mianya huwekwa juu yake, zikitenganishwa na tabaka jembamba la kuhami. Uga wa umeme hupinda kwenye kingo za mianya na kuzigeuza hata molekuli zilizo juu ya elektrodi. Aidha, bamba hizo mbili zinapokaa moja juu ya nyingine huwa zenyewe ni kapasita ya akiba, na nafasi ya kapasita tofauti huokolewa. Muundo huu umetumika sana katika simu na tableti.

Jibu lingine ni muundo wa VA, ambao molekuli zake husimama wima wakati hakuna volteji. Mwanga uliochujwa haubadilishwi, kwa hiyo weusi wake ni wa kina kuliko wa TN na IPS. Volteji ikiwekwa molekuli huinama. Kama zote zingeinama upande mmoja, tatizo la pembe lingerudi. Mnamo 1997 hivi kampuni ya Fujitsu ya Japani ilileta pikseli yenye matuta madogo yanayofanya molekuli ziinamie pande nne, ili mtazamaji wa upande wowote aone wastani wake. Mistari inayotenganisha maeneo hayo hubaki na giza, kwa hiyo sehemu ya mwanga hupotea tena. Baadhi ya televisheni huigawa kila pikseli ndogo mara mbili na kuzipa sehemu hizo volteji tofauti, hivyo kupata maeneo manane. Rangi huboreka kwa mtazamaji wa pembeni, lakini transista na nyaya huongezeka.

Kasi

Molekuli huchukua muda kurudi mahali pake volteji inapoondolewa, na picha zinazokwenda kasi huacha mkia. Muda huo hutegemea uzito wa kioevu na unene wa tabaka lake. Unene ukipunguzwa hadi nusu, muda wa kurudi hupungua hadi takriban robo. Hata hivyo, tabaka jembamba hubadilisha mtikisiko wa mwanga kwa kiasi kidogo zaidi, kwa hiyo huhitaji kampaundi yenye nguvu zaidi ya kufanya hivyo, na chembe ya vumbi inayoingia kiwandani huleta madhara makubwa zaidi.

Rangi na pikseli ndogo za ziada

Kwa kuwa vichujio vya rangi hupoteza takriban theluthi mbili za mwanga, baadhi ya watengenezaji wameongeza pikseli ndogo ya nne isiyo na rangi. Kurasa nyeupe hung'aa zaidi kwa umeme uleule. Rangi kali kama njano tupu hazipati faida hiyo, kwa sababu pikseli nyeupe lazima izimwe ili isizichujue, na rangi hizo huweza kuonekana hafifu zikiwa kando ya weupe mkali.

Skrini inayosomeka juani

Chini ya jua, mwanga unaoakisiwa na skrini hushinda ule wa taa ya nyuma. Pikseli ya mchanganyiko hukabili hali hiyo kwa kugawanywa sehemu mbili: moja ina kioo cha kuakisi mwanga wa jua, nyingine hupitisha mwanga wa taa. Katika sehemu ya kuakisi mwanga hupita ndani ya fuwele kioevu mara mbili, akienda na akirudi, kwa hiyo katika miundo mingi unene wa sehemu hiyo hufanywa takriban nusu ya ule wa sehemu ya pili.

Mfano maarufu ni kompyuta ya XO-1 ya mradi wa One Laptop per Child, ambayo skrini yake ilisanifiwa chini ya uongozi wa Mary Lou Jepsen. Ilikuwa na pikseli 1200 kwa 900 kwenye inchi 7.5. Taa ikizimwa na skrini ikiwekwa juani ilionyesha maandishi meusi na meupe yenye makali, na taa ikiwashwa ndani ya nyumba ilionyesha rangi kwa ukali mdogo zaidi. Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosambaza kompyuta hizo katika shule za msingi.

Kasoro za pikseli

Transista moja ikiharibika, pikseli ndogo yake haibadiliki tena. Rangi ya kasoro hutegemea muundo. Katika TN ya kawaida, pikseli isiyopata volteji hupitisha mwanga na kuonekana kama nukta inayong'aa. Katika IPS, FFS na VA huonekana kama nukta nyeusi, ambayo jicho huiona kwa shida zaidi.

Uchaguzi wa muundo

TN imebaki kwenye vifaa vya bei nafuu na baadhi ya skrini za michezo ya kompyuta zinazohitaji kasi. IPS na FFS hutumiwa pale ambapo rangi na pembe ni muhimu, yakiwemo matibabu, uchapaji na simu. VA hupendelewa kwa televisheni kwa sababu ya weusi wake.

Hata weusi wa VA si kamili, kwa kuwa pazia la fuwele kioevu huvujisha mwanga kidogo hata likifungwa. Skrini za OLED hazina tatizo hilo, maana kila pikseli hutoa mwanga wake na huweza kuzimwa kabisa. Kwa sababu hiyo LCD za bei ya juu hugawa taa ya nyuma katika maeneo mengi yanayofifishwa kila moja peke yake. Eneo moja la taa bado huwa na pikseli nyingi mbele yake, kwa hiyo nyota moja kwenye anga jeusi huweza kuzungukwa na ukungu hafifu wa mwanga. Ukungu huo hupungua kadiri maeneo ya taa yanavyoongezeka na kadiri kila pikseli inavyoweza kufunga pazia lake vizuri zaidi.